Kutoka ofisini hadi kwenye randa: mwongozo wa kuanza useremala Mtwara na Lindi ukiwa umevuka miaka 40

Anayeacha ofisi na kuingia kwenye useremala akiwa na miaka 40 na ushei mara chache huangushwa na mikono yake. Randa na patasi hufundishika. Kinachomwangusha ni kalenda. Barua ya kuacha kazi anaiandika mwezi huu, mbao ananunua mwezi ujao zikiwa bado mbichi, milango anaikabidhi kabla haijakauka, na mvua zikikolea wateja wanamrudia mmoja baada ya mwingine. Kusini tunajua majira yetu: mvua ni Desemba hadi Aprili, kiangazi ni Juni hadi Oktoba, na pesa ya korosho huanza kuonekana kuanzia Oktoba. Kazi yote iliyoelezwa hapa imepangwa juu ya majira hayo. Mbao zikauke kwanza, barua ifuate.

Hesabu za kumaliza ukiwa bado na mshahara

Anza na mfuko wa hifadhi ya jamii. Iwe NSSF au PSSSF, pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miezi 168 akiondoka leo kwa hasira za bosi anajikosesha mengi kwa ajili ya mwaka mmoja tu. Omba taarifa ya michango, hesabu miezi mwenyewe, na miezi ambayo mwajiri hakupeleka idai ukiwa bado una kadi ya kuingilia getini. Fahamu pia kwamba fao la kukosa ajira halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari.

La pili ni mkopo wa mshahara. Makato yakikoma benki haisubiri biashara yako ichangamke, kwa hiyo umalize kabla. Halafu bima ya afya: ya kazini huisha na kazi, na kazi unayoiendea ina misumeno.

Akiba iwe ya miezi 8 ya matumizi ya nyumbani, mbali na pesa ya mbao na vifaa. Miezi hiyo haikuokotwa. Ukiondoka mwisho wa Septemba utauza vizuri Oktoba hadi Januari, kisha Februari hadi Septemba ni miezi minane ya kungoja msimu urudi. Walioko Lindi, hasa wenye wateja Ruangwa, Nachingwea na Kilwa, wana ahueni ya mnada wa ufuta unaoanza karibu na Juni, lakini usiitegemee mwaka wa kwanza.

Mwaka mmoja wa Jumamosi kwa fundi

Tafuta karakana yenye kazi nyingi, iwe Magomeni Mtwara au Rahaleo Lindi, uombe kufanya kazi Jumamosi zote na jioni mbili kwa wiki. Lipa ada ya kufundishwa badala ya kuomba posho. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Kuna jambo la adabu hapa ambalo watu wa ofisi hulisahau. Fundi anaweza kuwa na miaka 28, wewe 45, naye atakuita mzee, mama au bosi. Mwite fundi, fagia takataka za mbao kama wanafunzi wengine, na "bosi" ukatae mapema. Bosi haambiwi kwamba ulimi wa kiungo chake, ile ncha ya ubao inayochomekwa kwenye tundu la ubao mwingine, umekaa upande, anachekewa tu.

Chuo cha VETA kipo Mtwara na Lindi, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mikoa yote miwili. Ulizia kozi fupi za useremala, na ulizia pia utaratibu wa VETA wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, kwa sababu cheti hicho husaidia unapoomba zabuni.

Jifunze kwa mpangilio huu. Wiki mbili za mwanzo ni kunoa tu. Bandika msasa wa maji namba 400, 800 na 1200 juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nolea patasi kwa pembe ya nyuzi 25, kisha ncha kabisa uimalizie kwa 30. Patasi imenoleka pale inapokata ncha ya ubao wa msindano na kuacha uso unaong'aa. Ikiacha nyuzi zimelala au unga, rudi kwenye kioo. Baada ya hapo ni kunyoosha ubao kwa randa ya mkono mpaka skwea (kipimo cha pembe mraba) isipitishe mwanga. Kisha ulimi na tundu: tengeneza viungo 20 kwa mabaki ya mbao na uvipasue vyote uone ndani palivyo. Ulimi uwe theluthi moja ya unene wa ubao. Mzito kuliko hapo, kuta za tundu hupasuka. Mwembamba kuliko hapo, ulimi hukatika.

Bidhaa ya kwanza ya kuuza iwe mbuzi ya nazi, ya pili stuli. Mbuzi ina kiungo kimoja tu cha kusumbua, pale kiti kinapokunjwa, na nyumba zote za pwani zinaihitaji.

Macho nayo. Baada ya miaka 40 mistari midogo ya futi huanza kucheza. Nunua miwani ya kusomea ya kuacha karakanani, weka taa juu ya meza, na chora kwa kisu badala ya penseli, kwa kuwa msumeno hufuata mkwaruzo wa kisu bila kubishana.

Mbao

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mninga ndio rafiki wa anayeanza. Unapigika randa vizuri, hausinyai sana na haujipindi ovyo; una shida moja, weupe wa pembeni huliwa na bungua (mdudu anayetoboa mbao), basi ukate wote hata kama unaona uchungu. Mkongo ni mzito na mchwa hauuwezi, unafaa fremu na milango ya nje, ila vumbi lake hupigisha chafya siku nzima. Mvule ni mzuri lakini wakati mwingine una mawe ndani, chembe za chokaa ngumu zinazomaliza meno ya msumeno kwa mpito mmoja. Mfenesi umetumika pwani tangu zamani kwa milango. Mwembe ni wa bei nafuu na bungua wanaupenda, usiahidi mtu kitanda cha miaka 20. Mkorosho ni dhaifu na utomvu wake huunguza ngozi. Msindano unaotoka Mafinga unafaa chaga za kitanda na sehemu za ndani za kabati. Ule wa kijani wenye dawa ni wa paa, usiutengenezee kitu cha jikoni wala usichome mabaki yake kupikia. Mpingo uachie wachonga vinyago, maana kuchonga ni fani nyingine yenye walimu wake. Ukipata mabaki, tengenezea mipini ya patasi.

Nunua Juni au Julai ya mwaka unaotangulia ule wa barua. Wakati huo barabara za Liwale na Nachingwea zinapitika na magari ya mbao yanashuka. Dai risiti, na ukisafirisha mwenyewe hakikisha una hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali, inayolingana na idadi ya mbao zilizo kwenye gari. Mbao zisizo na hati hutaifishwa kwenye kizuizi cha barabarani, nawe hutabishana kwa sababu sheria iko upande wa TFS. Misitu ya vijiji ni mahali pazuri pa kuanzia. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009 vikisaidiwa na shirika la MCDI, na mbao ya msitu wa kijiji uliopangwa huja na makaratasi yanayoeleweka. Wateja wa hoteli huanza kuuliza hilo.

Kagua ubao mmoja mmoja. Utazame kwa urefu kama unayelenga bunduki uone kama umepinda. Kataa wenye moyo wa mti katikati, huo utapasuka tu. Mbao zilizopasuliwa kwa mashine ya mnyororo hazina unene sawa: ubao wa inchi 2 unaweza kuwa 2 na robo upande mmoja na moja na robo tatu upande wa pili, na ukishauranda unabaki na inchi 1 na nusu. Weka theluthi nzima ya taka kwenye hesabu za mbao hizo.

Zikifika, usizisimamishe ukutani. Panga matofali ya bloku mpaka inchi 16 kutoka chini, mahali penye kivuli na upepo, si juani. Laza mbao ukiweka vijiti vikavu vya inchi 1 kwa 1 kati ya tabaka na tabaka, kila futi 2, na vijiti vya tabaka zote vikae kwenye mstari mmoja wima. Kijiti kikikosea mstari, mbao hukauka na tumbo pale pale. Paka ncha rangi ya mafuta iliyobaki siku hiyo hiyo, kwa kuwa ncha hukauka haraka kuliko katikati na huo ndio mwanzo wa nyufa. Juu weka uzito wa mawe, na bati lisiloziba upepo wa pembeni.

Ubao wa inchi 1 huhitaji takriban miezi 3 hadi 6, wa inchi 2 zaidi ya hapo. Usiamini mkono wala "hii imekauka, mzee" ya muuzaji. Pima. Kata kipande cha inchi 1 angalau futi moja kutoka nchani, kipime kwenye mizani ya jikoni ya gramu, kikaushe kwenye oveni nyuzi 100 na kidogo, na upime kila baada ya saa mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 172 kikibaki 150, unyevu ni karibu asilimia 15.

Asilimia 15 ni sawa kwa nyumba za Shangani, Mikindani au Lindi mjini, ambako hewa ya bahari haiachi mbao ishuke sana chini ya hapo. Masasi au Nachingwea wakati wa kiangazi mbao hutulia karibu na 11. Kwa hiyo kabati lililotengenezwa pwani likipelekwa Masasi Agosti litasinyaa, na mlango wa Masasi ukiletwa pwani Machi utavimba. Paneli ya upana wa inchi 12 ya mbao ngumu ya kawaida hubadilika milimita 4 hadi 5 kwa tofauti hiyo ya unyevu, mninga chini kidogo. Ndiyo maana paneli haipigwi gundi kamwe. Inakaa huru kwenye mfereji wa fremu yake, na nafasi ya milimita 3 kila upande.

Karakana

Meza ya kazi kwanza. Simama wima, mikono chini: urefu wa meza ni pale kiganja kinapoungana na mkono, kama inchi 33 kwa mtu wa futi 5 na inchi 7. Miguu ya 4x4, juu mbao mbili za 2x10, na jiriwa (kibano cha meza) moja upande wa kushoto. Meza fupi itakumaliza mgongo ndani ya mwezi, na mgongo wa miaka 45 hauna spea.

Vifaa vya mkono vinavyotosha mwaka wa kwanza ni randa mbili (ndefu na fupi), misumeno miwili, patasi za robo, nusu, robo tatu na inchi 1, skwea, futi mbili, kekee au drili, nyundo ya mbao na klampu sita. Klampu sita, si mbili. Kuranda na kupasua mbao kapige kwa mwenye mashine kwa malipo mpaka uone unalipa mara kwa mara kiasi cha kuhalalisha mashine yako. Ukifika huko, uliza TANESCO kuhusu umeme wa fezi tatu kabla ya kusaini mkataba wa pango, si baada.

Kisha jambo ambalo karakana nyingi hulifanya na wewe usilifanye: kufunga bapa la msumeno wa mbao kwenye gurinda, mashine ya kukatia na kusagia chuma. Gurinda ndogo huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, bapa la mbao mara nyingi halikuundwa kwa kasi hiyo, hakuna kinga, na likikwama kwenye ubao mashine nzima hukurudia. Glovu pia usivae kwenye mashine inayozunguka, kwani kitambaa hunaswa na kuvuta mkono. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la mvule wala mkongo. Nunua za kuchuja vumbi laini.

TIN (namba ya mlipakodi), jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni ya halmashauri vimalizwe mapema. Ni kazi ya siku chache na wewe makaratasi huyaogopi.

Kitanda cha futi 5 kwa 6, kipande kwa kipande

Kitanda ndicho kitakacholisha karakana msimu wa korosho na harusi. Godoro ni inchi 60 kwa 72, hivyo nafasi ya ndani iwe 61 kwa 73.

- Matendegu (miguu) 4 ya 3x3: mawili ya kichwani inchi 42, mawili ya miguuni inchi 20. Yanatoka kwenye ubao mmoja wa futi 12.
- Mifumbati (mbao za ubavuni) 2 ya 2x6, inchi 74, ikiwa ni 73 pamoja na kishina (ulimi mfupi) cha nusu inchi kila ncha. Vipingo (mbao za kukingama kichwani na miguuni) 2 vya 2x6, inchi 64, ndimi zikiwa inchi 1 na nusu kila upande. Jumla mbao 4 za futi 7.
- Ubao wa kichwani: vipande 2 vya 1x8, inchi 62 na nusu, kutoka ubao mmoja wa futi 12.
- Chaga 13 za 1x3, inchi 60 na nusu. Mbao 4 za 1x6 za futi 12 zikipasuliwa katikati zinatosha.
- Mikanda 2 ya kubeba chaga, ya 2x2, inchi 71, na mhimili wa kati wa 2x3, inchi 73. Kipande kinachobaki kwenye ubao wa futi 7 wa mhimili ni mguu wake.

Chaga 13 huacha nafasi ya chini kidogo ya inchi 3. Wengi huweka 9 kuokoa mbao, godoro la sponji linazama kwenye mapengo, na baada ya mwaka mteja analaumu kitanda. Mhimili wa kati nao si mapambo. Upana wa futi 5 bila mhimili huvunja chaga.

Vipingo vipigwe gundi nyeupe kwenye matendegu na kubanwa na klampu usiku kucha. Mifumbati isipigwe gundi: ishike kwa bolti za inchi 6 zinazopita kwenye tendegu, ili kitanda kifunguliwe na kupita mlangoni. Iweke sawa na uso wa ndani wa tendegu, la sivyo kona za godoro zitagonga.

Kupuliza sanding sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) na vanishi kufanyike siku kavu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukipuliza jioni yenye unyevu, uso hupata ukungu mweupe. Ukitokea, subiri siku kavu na upulize thina kidogo. Mara nyingi huondoka. Kwa nyumba za karibu na bahari tumia bawaba za shaba, maana za chuma hula kutu na huacha doa jeusi kwenye mbao.

Bei

Mshahara ulikuwa ukilipa siku zote 22 za kazi. Karakana hailipi siku ya kufuata mbao, ya kusubiri umeme wala ya kumsikiliza mteja akibadilisha mawazo. Mwaka wa kwanza hesabu siku 15 za uzalishaji kwa mwezi.

Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Nyumba inahitaji 555,000 kwa mwezi: ukigawa kwa 22 unapata kama 25,000 kwa siku na utakufa njaa polepole, gawa kwa 15, ni 37,000. Pango na umeme 150,000 kwa siku 15 ni 10,000. Kitanda cha siku 4 basi kinabeba 148,000 za kazi na 40,000 za karakana. Ongeza mbao pamoja na taka 180,000, na bolti, gundi, msasa na vanishi 35,000. Jumla 403,000. Faida ya asilimia 15 inaifikisha kwenye 463,450, mwambie mteja 465,000. Kianzio asilimia 60, na kisipungue gharama ya mbao na vifaa kwa hali yoyote, hata akiwa shemeji. Hasa akiwa shemeji.

Ndugu atakayeahidi kulipa "korosho zikitoka" mwandikie tarehe, na bidhaa ibaki karakanani. Malipo ya mnada yanaweza kuchelewa, na kitanda kikishalaliwa hakidaiki.

Kazi za taasisi, kama madawati ya shule, hupita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali. Jisajili, lakini usichukue oda ya madawati 100 ukiwa na mtaji wa 20.

Barua, kisha Machi

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria ni siku 28, lakini mkataba wako unaweza kudai zaidi, usome. Ipeleke mwanzoni mwa Septemba, na siku hiyo uwe na mbao zilizopimwa, vitanda viwili vya mfano vilivyokamilika, na daftari lenye majina ya watu wasiopungua watano waliokwisha kutoa kianzio. Kama rundo bado linasoma asilimia 22, barua ibaki kwenye droo.

Machi simu ya kwanza itakuja: mlango umebana. Usiende na randa. Nenda na futi, pima mwanya juu, chini na pembeni, uandike. Kagua kwanza bawaba kama zimelegea na fremu kama imezama, kwa sababu hayo hayahusiani na mvua. Kama ni uvimbe tu, paka nta ya mshumaa mahali panapokwaruza na umweleze mwenye nyumba kwamba utarudi Agosti. Anayeranda mlango Machi huitwa tena Agosti kuziba mwanya wa kidole. Ukirudi Agosti na mwanya umefika milimita 3, usiguse kitu. Ukiwa haujafika milimita 1, toa milimita 1 na nusu upande wa kitasa, kisha paka vanishi ukingo uliouranda pamoja na ule wa chini ya mlango, ambao karibu kila fundi huuacha mtupu na ndiko maji yanakoingilia.